KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA UMOJA WA MADEREVA WA MALORI KUHUSU DHAMANA YA TARATIBU

Tarehe: Jumanne, 11 Juni 2024
Mahali: Ofisi ya Umoja, juu ya gereji ya matairi
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Mhazini, mjumbe Breki, madereva wengine watatu
Waalikwa: mke wa Taratibu, fundi matairi
Hakuwepo: mjumbe Taratibu (yuko mahabusu)

KUMB. NA. 1/6/2024: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 2:10 asubuhi. Aliwataka wajumbe waseme kwa kifupi, kwani ombi la pili la dhamana lingesikilizwa saa 5.

KUMB. NA. 2/6/2024: HALI YA KESI
Katibu alieleza kwamba Taratibu alikamatwa mpakani wiki tatu zilizopita, baada ya pakiti za dawa za kulevya kukutwa ndani ya tairi la spea. Dhamana ilikataliwa mara ya kwanza. Hakimu alisema dereva wa masafa marefu anajua kila njia ya kutokea nchini. Wakili ana imani kwamba safari hii ombi litapita, wakipatikana wadhamini wawili wenye makazi ya kudumu na fundi akitoa maelezo.

Fundi alisema: "Spea niliyomfungia mimi ilikuwa kuukuu, ina kiraka. Hiyo waliyoipasua polisi ni mpya. Sijawahi hata kuigusa." Aliongeza kuwa lori lililala siku mbili kwenye yadi ya mwenye mzigo, na dereva aliambiwa aache funguo.

KUMB. NA. 3/6/2024: PINGAMIZI
Mjumbe Breki alisema Umoja ukimdhamini, kila lori la wanachama litapekuliwa mpaka kwenye tangi. "Mnamjua barabarani tu. Moyoni mwake mmeingia lini?"

Mke wa Taratibu aliomba nafasi, akapewa. Alisema ameishi na mumewe miaka kumi na tisa, na mtu huyo husimama kwenye taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu. Kisha aliuliza kama ni kweli Breki ameshaomba apewe lori la mumewe. Breki aliinuka ghafla. Breki aliombwa arudi kwenye kiti chake.

Kura zilipigwa: sita zilikubali dhamana, moja ilikataa.

KUMB. NA. 4/6/2024: WADHAMINI
Mhazini alijitolea mara moja. Mdhamini wa pili hakupatikana upesi. Madereva wawili walieleza kwamba wanaishi nyumba za kupanga. Ndipo Mwenyekiti aliposema, "Niandike mimi."

Breki alikumbusha kwamba Mwenyekiti na Taratibu, ambaye ni shemeji yake, hawasemezani tangu msiba wa baba yake Taratibu, mkwe wa Mwenyekiti. Mwenyekiti alijibu: "Nimemnunia miaka mitatu, na bado nitamnunia. Lakini sijamwona akimdanganya mtu. Twendeni mahakamani."

Kikao kiliahirishwa saa 3:40.

KUMB. NA. 5/6/2024: KUENDELEA KWA KIKAO, KIBARAZA CHA MAHAKAMA
Kikao kiliendelea saa 8:50 mchana. Breki hakufika, wala hakutoa udhuru.

Katibu aliarifu kwamba mwendesha mashtaka alipinga kwa nguvu. Hakimu alimuuliza Mwenyekiti atafanya nini mshtakiwa akitoroka. Mwenyekiti alijibu, "Hatatoroka, mheshimiwa. Dada yake ni mke wangu. Atakimbilia wapi?" Watu walicheka, hakimu hakucheka. Alisoma maelezo ya fundi mara mbili, akatoa dhamana. Masharti: Taratibu asalimishe hati ya kusafiria na leseni, na aripoti polisi kila Jumatatu. Kesi inaendelea.

Taratibu alitolewa saa 9:25. Mkewe alimshika mkono na hakumwachia mpaka mwisho wa kikao. Taratibu aliomba neno moja. "Katibu, andika kwamba zile pakiti sizijui." Imeandikwa.

Kisha alimgeukia Mwenyekiti. "Shemeji, wewe sikukutegemea kabisa."

"Hata mimi," alisema Mwenyekiti. "Jumatatu nakupitia saa moja kamili."

Kikao kilifungwa saa 9:40 alasiri, kwa kuwa wajumbe walikuwa wameshaanza kukumbatiana na Katibu hakuweza kuendelea kuandika.

Sahihi: .................... Mwenyekiti
Sahihi: .................... Katibu