Kwa Mwalimu Stéphane Sebarenzi, Aliyekwenda Ngungu Kufuta Neno Moja

Mwaka umetimia, Stéphane, tangu mlima ulipoporomoka juu ya barabara ya Ngungu ukakuchukua. Mvua za Aprili zimerudi na matope ya Bihambwe yako palepale. Watu wanatuambia sasa tumezoea. Hatujazoea.

Tulitaka kuandika maneno machache kama wanavyoandika wengine, kwamba ulikuwa mpole, mchapakazi na mcha Mungu. Mpole ulikuwa kweli. Kuhusu uchapakazi, shamba lako la viazi lingekuwa na la kusema. Lakini mkeo Émilienne ametuomba tueleze yote yaliyotokea, hata lile linalomuumiza, na alikaa nasi mezani tulipokuwa tukiandika. Kwa hiyo haya ni yake kuliko yetu.

Kila asubuhi ulikunywa chai umesimama, kana kwamba kiti kingekuchelewesha. Mifuko ya mashati yako ilikuwa imejaa chaki, na Émilienne aliifua akinung'unika. Njiani ulimsalimia kila mtu, ukauliza habari za ng'ombe wake, za mama yake, za goti lake linalouma, ndiyo maana hukuwahi kufika popote kwa wakati isipokuwa shuleni.

Huko shuleni ulikuwa na klabu yako ya sataranji, mchezo uliojifunza ukiwa mwanafunzi Goma, na ambao wewe uliuita kwa Kifaransa, échecs. Vipande ulivichonga mwenyewe kwa matawi ya mikaratusi. Farasi hakuna mtoto wa milima hii aliyewahi kumwona, basi kila farasi ukamwekea pembe akawa ng'ombe, na watoto wakaelewa mara moja kwamba huyu ndiye anayeruka uzio. Émilienne alikuwa akikutazama kutoka mlangoni mwa duka lake.

"Mwanaume muzima, anashinda anachonga bing'ombe ya miti," alikuambia siku moja. "Utaikamua lini?"

Ulicheka, ukaendelea kuchonga. Watoto tisa uliwafundisha kama watu wanaokwenda kazini. Walipeana mikono kabla ya mchezo na baada yake. Waliandika kila hatua kwenye daftari. Uliweka saa ya mezani katikati yao ili wazoee kuisikia. Aliyeshindwa hakuruhusiwa kulia mbele ya mwenzake. Alitoka nje kwanza, na wewe ukatoka naye. Uliwaambia kwamba Goma shule hushindana kila mwaka, na kwamba siku moja Bihambwe itapeleka wachezaji wanne.

Aliyekuwa mbele ya wote ni Uwingabire, binti wa mkulima Dusabimana, mtoto wa darasa la sita asiye na maneno mengi. Siku aliyokufunga mbele ya darasa zima ulizunguka kijiji ukiitangaza habari hiyo hata mtu angedhani wewe ndiye uliyeshinda.

Kisha ikaja siku ya kugawa bulletin, yaani ripoti za wanafunzi, za mwisho wa Machi. Mkurugenzi alitaka kila mtoto aandikiwe anachofanya nje ya masomo. Kwa mwandiko wako mzuri, kwenye mstari wa maoni, uliwaandikia wote tisa neno moja: Échecs.

Stéphane, wewe mtu wa vitabu. Hapa kwetu Kifaransa wengi hawakijui, lakini neno hilo kila mzazi analijua, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye bulletin yake mwenyewe mwaka aliofeli akaacha shule. Échec bila s ni kufeli, na hakuna aliyejiuliza ile s ya mwisho inatafuta nini pale. Rukundo, mmoja wa wale tisa, alichapwa kabla hajafungua kinywa, na kesho yake mama yake alikuja shuleni bulletin ikiwa mkononi.

"Mwalimu, uliniambia mutoto iko na akili," alisema. "Sasa hii échec imetoka wapi?"

"Mama, haiko ya kufeli. Iko jina ya ule muchezo."

"Na kama iko muchezo, njo unaandika ku bulletin?"

Kwanza ulicheka. Halafu ukahesabu bulletin ulizoandika, na kicheko kikaisha. Ulichukua kalamu ukaenda nyumba kwa nyumba, ukafuta neno lile na kueleza, ukaomba radhi kwa wazazi na kwa watoto pia. Kwa siku tatu ulimaliza nyumba nane. Ya tisa uliikuta tupu.

Dusabimana alikuwa ameshaanza kuwahamishia watu wake Ngungu, kwa dada yake, kwa sababu ya mapigano yaliyokuwa yakisogea. Uwingabire peke yake ndiye angebaki kwa majirani mpaka afanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Majirani walikueleza baba yake alivyosema alipoiona bulletin.

"Alisema mutoto ameshafeli," mama mmoja alikuambia. "Anauliza, amuache hapa juu ya nini? Wakaenda naye, na godoro yake."

Wiki hiyo hukula vizuri. Émilienne alikusihi ungoje mvua zipungue, kwa sababu barabara ile hata mbuzi walikuwa wakiikwepa.

"Mutihani haingoje mvua," ulimjibu. "Ni mukono yangu njo iliandika."

Uliondoka Jumatano, nyuma ya pikipiki ya Fiston. Alhamisi saa nne asubuhi ulimpigia Émilienne simu. Alikuwa dukani, anampimia mteja chumvi.

"Mama Kétsia, nimemupata," ulimwambia. "Baba yake amekubali, ila anasema Bihambwe hana tena nyumba. Nimemuambia mutoto atakaa kwetu. Watakuja siku ya posho. Umutengenezee kitanda, pembeni ya kitanda ya Kétsia."

"Ndiyo, ndiyo," alikuitikia, jicho likiwa kwenye mizani. "Wewe rudi kwanza."

Hayo ndiyo maneno yenu ya mwisho. Saa tisa alasiri udongo ulishuka. Fiston alitolewa akiwa amevunjika mguu, na wewe ulitolewa Ijumaa.

Tulikuzika Jumamosi, siku ileile ya posho. Émilienne alikuwa kwenye mkeka katikati ya akina mama, wanaimba, alipomwona Dusabimana anaingia uani. Nyuma yake alikuja Uwingabire, na godoro limeviringishwa kichwani. Walikuwa wamekuja kama mlivyokubaliana, na walikuwa wamepita palepale ulipofia. Sisi wengine tulidhani wamekuja kulia msiba. Émilienne peke yake alijua lile godoro ni la nini.

Macho yake na ya mtoto yalikutana. Ingetosha amwite kwa mkono. Lakini moyoni mwake, anataka tuandike hivyo hivyo, alisema: asingekuwa huyu mtoto, mume wangu angekuwa hai. Akainamisha kichwa. Dusabimana alingoja mpaka tuliporudi kutoka makaburini. Hakumuuliza mtu, maana nani anaweza kumwomba mjane kitanda siku ya mazishi? Alimshika binti yake bega, wakarudi Ngungu.

Tulipomuuliza ulisema nini kwenye simu, Émilienne alitujibu kwamba ulisema unarudi kesho. Akakaa na jibu hilo miezi saba. Ng'ombe wako wa miti aliwafungia kwenye gunia nyuma ya duka. Alikuwa mkali kwa watoto, mkali kwa wateja, na hatukumlaumu, tukidhani ni uchungu wa ujane tu.

Mwezi wa Novemba ilikuja barua kutoka Goma. Mashindano ya shule yangefanyika Februari, na Bihambwe imealikwa ilete wachezaji wanne. Binti yako Kétsia, naye wa klabu, aliisoma dukani, mbele ya mama yake.

"Tumebakia batatu," alisema. "Tunakosa wa ine. Uwingabire njo alikuwaka meza ya kwanza."

"Uwingabire alihama," mama yake akajibu.

"Papa alienda kumutafuta. Alimukosa?"

Émilienne aliendelea kupanga sabuni.

"Mama, nakuuliza. Alimukosa? Alienda bure?"

Jibu la uongo lilikuwa limefika ulimini. Angesema ndiyo, na mambo yangekwisha. Lakini angesema ndiyo, na safari yako ingekuwa safari ya mtu aliyekufa kwa kutotimiza chochote, na angeisema mbele ya binti yako.

"Alimupata," alisema. Kisha akatoka, akaenda kulia nyuma ya jiko, na Kétsia akamfuata huko akaambiwa yote.

Kesho yake alimwita seremala Ndayambaje, na kwa siku tatu kitanda kikawa tayari, pembeni ya kile cha Kétsia. Ndipo alipokwenda Ngungu. Alipofika mahali pako aliteremka kwenye pikipiki akapita kwa miguu, kwa sababu kupita juu yako na mlio wa injini alishindwa. Alimkuta Uwingabire shambani, anachimba viazi na baba yake na shangazi yake.

"Kitanda yako iko tayari," Émilienne alimwambia.

Mtoto alimwangalia baba yake, baba akatikisa kichwa kukubali. Akanawa mikono, akaenda kufunga godoro. Alikuwa amepoteza mwaka mzima, na darasa la sita amelianza upya.

Ulikuwa umeacha daftari lako la mafunzo, na kwa daftari hilo Kétsia aliwafundisha wenzake mpaka Februari. Goma walikuta vipande vya plastiki vinavyong'aa. Rukundo alimuuliza mwamuzi kwa adabu kwa nini ng'ombe hawa hawana pembe, na mwamuzi hakumwelewa. Ungefurahi sana, Stéphane, na tulikasirika kwamba hukuwepo kufurahi.

Uwingabire aliwekwa meza ya kwanza. Uliwafundisha kwamba anayefikiri akalie mikono yake, maana kipande ukikigusa ni lazima ukicheze. Akaikalia. Saa ikaanza kwenda, naye hakuitoa. Dakika tano zikapita, kumi, ishirini. Émilienne alikuwa amesimama ukutani pamoja na watu wazima wengine, na kanuni haziruhusu mtu wa ukutani kusema. Mchezo haujui mpaka leo, lakini mtoto anayeogopa kugusa kitu asije akaharibu anamjua. Uwingabire alicheza hatua nne tu, muda wake ukaisha. Mchezo wa pili ukawa vilevile. Wa tatu alicheza mpaka mwisho, akafungwa. Wa nne alishinda, akampa mkono mwenzake kama ulivyomfundisha, na hakucheka. Shule zilikuwa kumi na nne, na Bihambwe ikawa ya kumi na moja.

Alasiri walikaa kwenye baraza la ukumbi wakila beignet na kungoja gari la kwenda Sake. Wengine walikuwa wakibishana juu ya michezo yao. Uwingabire alikuwa pembeni ya Émilienne.

"Mama," alisema, "kama singetoka Bihambwe, mwalimu angekuwa muzima?"

Kwa miezi mingi Émilienne alikuwa amejiandalia maneno ya siku hiyo.

"Wewe hauna kosa, mutoto yangu," alimjibu. "Kosa iko kwangu. Mwalimu alinipigiaka telefone. Aliniambia nikutengenezee kitanda. Nilikuona siku ya kilio na godoro ku kichwa. Nilijua, nikanyamaza."

Uwingabire alimaliza kutafuna.

"Ninajua, Mama," alisema. "Alikupigiaka mbele yetu. Aliweka sauti ya nguvu ili Papa asikie. Tukakusikia unaitika."

"Ulijua?" Émilienne aliuliza. "Siku zote hizi ulijua, na haukusema?"

"Nilifikiriaka kitanda haiyaisha kutengenezwa."

Haya ndiyo aliyotaka Émilienne uyasikie, Stéphane. Tangu siku ile hajaweza kuyasema mpaka mwisho bila sauti kumkatika, ndiyo maana tumeyaandika sisi. Mtoto uliyemfuata amerudi. Yuko kwako, na mtihani ataufanya mwaka huu.

Tunaokukumbuka ni mama yako mzazi Mukandayisenga, ambaye bado anakutengea chai; kaka yako Maurice na nyumba yake yote; mkeo Émilienne Kanyere; watoto wa klabu; na wanao, Jules, Kétsia, na Uwingabire, ambaye baba yake Dusabimana ameruhusu tumwandike hapa.

Hatuna siku ya kukusahau.