Wa Mwisho kwa Koplo Nzioka

Jumanne, 6 Machi 1979
Leo tena nimekuwa wa mwisho. Siku ya tano. Kutoka soko la Kasikeu hadi juu ya kilima na kurudi, jiwe begani. Sheria ya Koplo Nzioka ni moja: waliofika wanakaa presapu, mikono kwenye changarawe, tumbo hewani, mpaka wa mwisho afike. Kumi wananingoja hivyo kila asubuhi. Nikitokea wananitukana kwa Kikamba, wakimaliza wanarudia kwa Kiswahili. Siwalaumu. Mimi pia ningejitukana.

Alhamisi, 8 Machi
Nimetapika uji kwenye viatu vya Koplo. Amenifanya nivifute kwa shati langu. Kioko, mtoto wa mjomba ambaye tunalala naye kitanda kimoja, ndiye aliyecheka kuliko wote.

Siachi. Jeshi linakuja kuandikisha watu mwezi ujao na Koplo alikaa huko miaka mingi, anajua wanachotaka. Form Four nilianguka. Nisipochukuliwa nitazeeka nikipalilia mbaazi za baba.

Jumatatu, 19 Machi
Sasa naitwa Mkia. Koplo ndiye aliyenibatiza. Hata mama anayeuza nyanya sokoni ananiita hivyo. Miguu imevimba. Nimekwenda hivyo hivyo.

Jumamosi, 24 Machi
Leo nilimpita mtu. Tukiteremka kilima nilimpita Kioko, hatua nne hivi. Akatoa mguu. Nilianguka uso kwenye mwamba, jiwe likanifuata. Meno mawili ya mbele yamebaki huko.

Koplo alinishika kidevu, akanitazama mdomoni kwa muda. "Endelea tu, Mkia. Uko na roho ya askari." Nilifurahi hadi nikasahau damu. Hajawahi kunisifu.

Kioko namchukia. Blanketi bado ni moja.

Jumatano, 11 Aprili
Juzi nilikuwa wa nane, jana wa saba. Leo Koplo kaniongezea jiwe la pili, mimi peke yangu. Nikawa wa mwisho tena. Anasema ananikomaza. Sawa.

Jumanne, 24 Aprili
Sikukimbia hata hatua moja.

Wanajeshi walitupanga mistari, vifua wazi. Kwanza nyayo. Unakanyaga maji, halafu saruji, na aliyeacha alama bapa anarudi kwao. Zangu zilikuwa nzuri. Halafu mdomo. Daktari aliuinua mdomo wangu wa juu kwa kidole kimoja.

"Mapengo. Toka."

Nilimwambia naweza kupanda kilima na mawe mawili. Alikuwa ameshamwita mwingine.

Wanne wa kundi letu wamechukuliwa, Kioko mmoja wao. Soko zima linamsifu Koplo.

Jumatano, 25 Aprili
Nilimkuta Koplo kwake akinywa chai. Nikamwuliza kama alijua.

"Nilijua siku ile ile. Jeshi haichukui mapengo."

Mbona hukuniambia?

"Ningekuambia, ungerudi? Hao wengine walikuwa wanakimbia kwa kuogopa kuwa wewe."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Nilitaka kumpiga. Nikalia badala yake, mtu mzima mimi, makamasi na yote. Akanimiminia chai. Nikanywa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilikunywa.

Jumatatu, 7 Mei
Kundi jipya, watu tisa. Koplo amenifanya msaidizi. Kazi yangu ni kukimbia nyuma na fimbo. Sichoki siku hizi.

Mvua ilinyesha jana, njia yote ni tope. Wa mwisho ni Muli, katoka Mbooni, amekuja kukaa kwa shangazi yake ili afanye mazoezi hapa. Mpole. Anakimbia bila viatu. Nimemfuata mlima mzima nikiziangalia nyayo zake kwenye tope. Ni bapa kabisa, kisigino hadi vidole.

Tulipofika chini aliniuliza, "Afande, kweli nitaweza?"

Nikamwambia aje kesho mapema.