Miwani ya Mama

Kaka yangu,

Salamu zako zimefika. Sisi tupo, ila miguu yangu imevimba kwa kusimama kaunta kutwa.

Dukani hatubandiki tena bei kwa mkono. Kila rafu ina kioo kidogo cha kuonyesha bei, na ofisini wanapandisha bei wakiona tu watu wamejaa.

Jumamosi Mama alichukua mafuta ya kupikia ya elfu nne. Magoti yake unayajua. Hadi ananifikia, mafuta yalishakuwa elfu tano.

“Basi nimesoma vibaya, mwanangu,” akasema, akayaacha.

Meneja alikuwa nyuma yangu. Nikanyamaza.

Sasa Mama anataka umtumie miwani. Usitume, kaka. Macho ya Mama ni mazima.

Mimi dada yako,
bubu wa kaunta ya tatu