Nane za Pembeni

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumatano asubuhi

Mpendwa mwanangu,

Basi yule fundi wa kompyuta akakung'uta mikono, akasema hakuna namna, afute vyote aanze upya. Nikamwambia, wee Miwani, kinachofutwa ni meza. Humo ndani kuna sauti ya mdogo wangu.

Mkwe wangu, ndiye ameshika kalamu, ananikanya: salamu kwanza, mama. Haya. Hujambo mwanangu? Mimba inasemaje, miguu bado inavimba? Mumeo je? Sisi wazima, ila goti langu linatabiri mvua kila siku, nalo linasema uongo.

Sasa uelewe. Ulipoiomba ile sauti aliyokurekodia marehemu mamako, ya kukuelekeza ukishajifungua, kompyuta yake ilikuwa imekufa kabisa. Mjusi aliingia humo akajikaanga. Miwani akabadilisha ule ubao mkubwa wa ndani, wanauita mazabodi. Taa ikawaka, feni ikavuma, nikapiga kigelegele. Nilikiharakisha. Kioo kikaja cha buluu, kinadai namba.

Miwani anasema vitu vyote vimo salama, ila mashine imetiwa ubao mgeni, haiwatambui wenyeji wake, mpaka ipewe ile namba ya siri ya mamako. Tarakimu arobaini na nane! Hata polisi hawahoji hivyo.

Namba ilikuwapo. Mamako aliniachia karatasi, akaniambia, dada, itunze hii kama mboni ya jicho. Mimi kusoma sijui, na panya wa nyumba hii wanavyopenda karatasi nawajua. Nikaidarizi kwenye kitambaa cha meza, ukingo mzima, moja baada ya moja kama nilivyoiona. Karatasi ikaliwa kweli. Kitambaa kipo, kimefuliwa miaka sita na uzi haujachuja, maana ule uzi niliununua kwa yule mwanamke aliyeachika mara mbili kwa mume yuleyule... aah, hayo tuyaache.

Tukakitandaza. Mkwe akasoma, Miwani akabonyeza. Ikakataa. Mara tatu. Wakahesabu: hamsini na mbili. Nne zimezidi, na hawajui zipi.

"Bibi," Miwani akaniuliza, "hapa ulishona au ulipika?"

Ndipo akasema afute.

Nikaenda jikoni kuchambua maharage. Sikulia. Niliyachambua ya wiki nzima. Mkono ukishika kazi kichwa hutulia, nikakumbuka nilivyoshona: kila upande zilienea kumi na mbili, halafu kona ikabaki wazi kama mdomo wa kibogoyo. Kona haiachwi wazi, mwanangu, kazi nzima inaonekana haina mwenyewe. Nikaijaza kwa ile tarakimu ya viduara viwili, kimoja kimembeba mwenzake, kwa kuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Mkwe anasema inaitwa nane. Kona nne, nane nne.

Nikarudi nikawaambia, hizo za pembeni ni zangu, urembo tu, zirukeni. Na mwanzo ni penye uzi mwekundu, kabla haujaniishia.

Miwani akabonyeza. Mashine ikafikiri weee, kisha ikatokea ile picha ya mamako na mwavuli. Sasa Miwani yuko sebuleni anakutumia sauti, na zile dhihaka zake amezimeza.

Itakufikia kwenye simu kabla ya barua hii, kwa hiyo nikueleze usije ukaona imekatika. Mamako anaanza vizuri, mtoto anavyoshikwa shingo, anavyooshwa. Akifika kwenye kitovu anasahau, ananiita mimi nije niseme. Nami nilikuwa uani naanua nguo, yote nayasikia, nikaitika nakuja, nikakunja na shuka mbili kwanza. Nilipoingia alikuwa amekwishazima, amechoka, kesho tutamalizia. Kesho hiyo ndiyo hivyo tena. Ya kitovu basi nakuambia mimi: pakauke penyewe, usipake kitu, usivute.

Msalimie mama mkwe wako, na yule shemeji yako mcheka ovyo. Mungu akutue mzigo huo salama, nawe umpokee mwanao kwa mikono yako miwili.

Mimi mama yako mkubwa, nikupendaye kama

Huyo! Miwani ameifungulia. "Dada! We dada, njoo basi!" Najua ni mashine. Mkwe wangu, weka kalamu, naitwa.