Darubini ya Kutazamia Damu

Jumanne, 9 Agosti 1994

Daktari wa macho amesema leo kwamba jicho la mama lililobaki halitafika Krismasi likiona. Amelisema kama mtu anayesoma bei ya kahawa.

Kutoka hospitali nimepita mtaa wa Soweto, hapa Moshi mjini, kwa Kimaro, aletaye bidhaa kutoka Dubai, kuchukua darubini niliyomwagiza. Nilichagua yenye kioo kipana, maana jicho dhaifu linahitaji mwanga kuliko ukuzaji. Mama anataka kuiona Zohali. Nilipomwambia sayari hiyo ina pete, aliuliza, "Nani kaiposa?"

Nimefungua sanduku. Ndani mna darubini ya maabara, ya kupimia malaria.

"Kimaro, hii ni ya kutazamia damu."

"Kwani si darubini?"

"Nilikwambia ya sayari."

"Mimi nilimwandikia wa Dubai darubini. Wewe mwandishi wa habari, nipe neno jingine basi!"

Ya damu kamusi inaiita hadubini. Lakini madukani vyombo vyote viwili vina jina moja, na hasara ni ya mama.

Ameniletea nyingine ya dukani, bomba jembamba lenye kioo kama kizibo cha soda. Imeandikwa inakuza mara mia tano. Nimeielekeza kwenye taa ya barabarani, nikaona ukungu wa manjano. Kwa Zohali haifai. Kwa mwezi, labda. Nimeichukua, kwa sababu kuagiza upya ni kusubiri hadi Desemba, na Desemba...

Jumapili mwezi utakuwa nusu, milima yake inaonekana vizuri. Nitapanda nayo Old Moshi kwa mama kabla jua halijazama, mawingu yaondoke yasiondoke.