Mita Kumi na Mbili Bila Kuguswa

Jumatatu, 4 Agosti

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Spika ya muuza sufuria imeanza kabla ya ile ya muuza viatu. Jana ilikuwa kinyume. Nimerekebisha daftari.

Nimekaa dirishani hadi saa mbili. Ghorofa ya tatu ni mahali pazuri pa kusikilizia Kariakoo: sauti zinafika zote, watu hawafiki. Muuza maji. Muuza soksi. Mkokoteni na "pisha, mzigo huo." Honi ya bodaboda. Mama amekuja na chai, akaiweka kwenye stuli, akaondoka bila neno. Ndivyo tulivyokubaliana. Kabla ya saa mbili siongei.

Mazoezi: mita tatu. Kitambaa ni marekani, urefu mita kumi na mbili. Nachora mtaa wetu kwa mkaa, kutoka kushoto kwenda kulia, duka kwa duka, huku nikizitamka sauti zake zote kwa mpangilio wake. Dakika hamsini. Nikikatizwa siwezi kuendelea kutoka nilipoachia. Naanza upya au naacha. Watu wanadhani ni maringo.

Onyesho ni Jumamosi ya tarehe 23, saa kumi alasiri. Siku kumi na tisa.

Jumatano, 6 Agosti

Neema ametuma ujumbe. Ndiye mratibu wa ukumbi ulio karibu na Mnazi Mmoja. Namwelewa kwa sababu hapigi simu. Anaandika, na anachoandika ndicho anachomaanisha. Anasema kitambaa kikikamilika kitatundikwa ukumbini mwezi mzima. Kisipokamilika hakuna cha kutundika. Sawa.

Kwenye onyesho la mwezi wa nne hakikukamilika. Naandika hapa ili niache kukirudia kichwani. Nilikuwa mita ya tano. Shangazi Mwajuma, dada yake marehemu baba, aliinuka na kanga mpya, akaja mbele anacheza, akanivisha mabegani kwa nyuma, akanikumbatia. Alikuwa ananitunza. Kila msanii mji huu hutunzwa; ni heshima, ni mapenzi. Mimi nilipiga kelele nikaingia chini ya meza. Nikakaa huko mpaka watu wakaondoka.

Kuna mtu alirekodi. Video ilifika Magomeni kabla sisi hatujafika nyumbani. Wengi waliandika kwamba nimepandisha mashetani. Mmoja aliandika kwamba najishaua. Sina mashetani. Nina usonji. Nimeuandikia kitabu kizima, kurasa tisini na sita, na walioandika hayo hawajakisoma.

Nisipomaliza mara hii sitajaribu tena. Si vitisho. Najijua.

Jumamosi, 9 Agosti

Shangazi amekuja kula mchana. Kaleta visheti, akaniwekea kwenye kisahani cha peke yake, visigusane na kitu. Hayo anayakumbuka tangu nikiwa mdogo. Nampenda.

Kisha akasema kikundi chake cha Magomeni kimeshona sare. Watakuja wote saba, kila mmoja na doti yake ya kanga.

"Safari ile tulikuwa wachache, wifi, ndiyo maana mtoto alipata woga," kamwambia Mama. "Safari hii tutamjazia ukumbi."

Mama alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

Nimemkasirikia Mama kwa kutomkatalia, kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja. Watu husema sisi wenye usonji hatuna hisia. Zangu nimezipima kwa saa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimealikwa kuzungumza chuo cha ualimu. Dakika ishirini, kuhusu namna ninavyousoma mtaa. Niliongea nikitazama ubao, maana nikitazama macho ya watu maneno yanaondoka. Ilienda vizuri.

Maswali hayakuja kwangu. Yalikwenda kwa Mama, aliyekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama hukaa karibu na mlango popote pale. Hata kwenye harusi ya mdogo wake alikaa mlangoni, picha hazimwonyeshi. Hapendi kutazamwa. Sasa darasa zima likageuza shingo.

Anakula chakula cha kawaida? Anaoga mwenyewe? Usiku analala?

Mama akatazama sakafu. Akasema, kwa sauti ndogo sana, "Yupo hapo mbele, muulizeni."

Hakuna aliyeuliza. Nikajibu hivyohivyo. Ndiyo. Ndiyo. Saa sita. Nina miaka thelathini na tatu. Wakapiga makofi. Sijui walipigia jibu lipi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwandikia Neema masharti. Feni zizimwe, kwa sababu za ukumbi ule zinagonga na zinanichanganyia sauti. Maikrofoni sitaki. Pachorwe mstari wa chaki, hatua tatu kutoka kwenye kitambaa, asiuvuke mtu. Nimejibiwa baada ya dakika mbili: "Poa, nimekusoma. Nitatangaza mwenyewe."

Nimemwomba Mama amwambie Shangazi.

"Nitaanzaje?"

Nikamwambia aanze na salamu. Hakucheka. Sikuwa natania.

Jumapili, 17 Agosti

Tumekwenda Magomeni. Mama alianza na salamu, akaishia hapo. Tukanywa chai. Tukasikia habari za wagonjwa wote wa mtaa. Tukaongezewa chai. Ikabidi niseme mimi.

"Shangazi, siku ile msije mbele. Msiniguse."

"Mtoto wetu asimame mbele ya kadamnasi, sisi tukae kama tuko msibani? Watu watasema huna kwenu."

Nikamweleza. Ninapofanya kazi ngozi yangu yote inasikiliza. Mkono wa mtu wakati huo ni maji ya moto. Haibabuki, lakini inaungua kweli.

"Hata mkono wangu?"

"Hata wako."

Akainuka akaenda jikoni. Jiko lilikuwa halijawashwa. Alikaa huko dakika kumi na moja. Aliporudi akazungumzia bei ya nazi. Hakuahidi chochote.

Wakati wa kurudi Mama alitembea mbele yangu, hatua kama sita. Hivyo ndivyo ninavyojua kwamba nimemuumiza mtu. Naona mgongo. Lakini nilichosema ni kweli, na kama ningerudishwa pale sebuleni ningekisema tena.

Jumatano, 20 Agosti

Mazoezi mabaya. Nimeishia mita ya tano, mara mbili. Hakuna aliyenigusa. Mwili unangoja tu.

Sijala. Nimemwandikia Neema kuahirisha, nikaufuta ujumbe kabla ya kutuma. Nimeuandika tena. Nimeufuta.

Naogopa.

Ijumaa, 22 Agosti

Kesho. Shangazi hajapiga simu tangu Jumapili. Mama anasema huenda hawatakuja kabisa. Nikaona nafuu. Kisha nikaona vibaya kwa kuona nafuu. Kucha nimekata. Mkaa upo wa kutosha.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimemaliza. Mita zote kumi na mbili. Nitaandika kesho, mkono hauwezi.

Jumapili, 24 Agosti

Sasa kwa mpangilio.

Saa kumi kasoro Neema alitangaza: simu zizimwe sauti, feni hazitawashwa, mstari wa chaki usivukwe. Watu wakaguna kwa habari ya feni. Madirisha ya ukumbi ni madogo. Nilikuwa sijafikiria joto la watu wengine.

Kikundi cha Shangazi kilikuwa safu ya pili. Sare ya kijani. Wote saba. Mifuko ya plastiki mapajani. Mama mlangoni.

Nikaanza. Muuza sufuria, muuza viatu, duka la vitenge lenye ngazi mbovu. Mita ya kwanza, ya pili. Mita ya tano ilifika. Mkono ukataka kusimama. Nikatamka muuza soksi kwa sauti kubwa kuliko alivyo, nikapita. Kuanzia pale sikuwa na hofu. Sikuwa na chochote, nilikuwa mtaa tu. Ile ndiyo sehemu ninayoipenda na siwezi kumweleza mtu.

Mita ya nane. Pale nachora kona ya wauza mbao, na sauti zinakuwa nyingi kwa pamoja, nazitamka haraka mno. Watu walishangilia. Kisha vigelegele. Navijua vile. Kisha viti vikasukumwa, na plastiki ikakwaruza, kanga mpya zinatolewa mifukoni.

Walikuwa wamejizuia nusu saa nzima. Shangazi ndivyo alivyoeleza baadaye, nami naamini. Ukumbi uliposhangilia walishindwa.

Sikugeuka. Ningegeuka ningeacha. Niliwaona kwa pembe ya jicho: kijani inakuja, inacheza taratibu, mikono juu. Niliendelea kuchora mbao. Mgongo ukaanza kuungua kabla hawajafika. Nilijua kwamba bado sekunde chache, na kwamba nitapiga kelele, na kwamba itakuwa mwisho.

Kisha nikaona kandambili za Mama.

Alikuwa ametoka mlangoni akapita katikati ya viti vyote. Akasimama juu ya chaki, kanipa mgongo, kawatazama wao. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ukumbi mzima ulisikia:

"Nitunzeni mimi. Mimi ndiye mama yake."

Sauti ile haikuwa kwenye mpangilio wangu. Niliisikia nikaipita, nikamchukua muuza maji.

Shangazi alikuwa wa kwanza. Vidole vyake vya miguu viligusa chaki vikakaa hapo. Nilichora duka zima la simu, na bado alikuwa amesimama. Halafu akakunjua kanga yake akamvisha Mama mabegani. Akamkumbatia, akampisha mwenzake. Wa pili akamfunga kiunoni. Wa tatu kichwani. Wakaja mmojammoja, wanacheza, vigelegele juu, na hakuna aliyevuka. Wote saba. Mama alisimama amejaa kanga kama kamba ya nguo siku ya kufua. Watu walikuwa wanampiga picha. Mama, anayekimbia picha za harusi.

Walipomaliza walirudi kukaa. Nilidhani naye atarudi. Hakurudi. Alibaki juu ya chaki mpaka mwisho, mita nne nzima, dakika kumi na saba, bila feni. Feni nilizizima mimi.

Mita ya kumi na mbili inaishia kwenye mlango wa jengo letu. Nikachora kitasa. Nikanyamaza.

Makofi yalikuwa makubwa, nikaenda nyuma ya pazia nikakaa na vidole masikioni. Baadaye Neema alisema Mama aliketishwa kwenye kiti akanywa chupa mbili za maji bila kupumzika. Kanga ya ndani kabisa ililoa mpaka rangi ikamwingia kwenye gauni.

Sikumshukuru jana. Nilikusanya vipande vya mkaa nikavipanga kwa urefu. Ndicho nilichoweza.

Shangazi alinisubiri pale mlangoni, mikono nyuma.

"Umetutoa kimasomaso, mwanangu," akasema. Mikono aliiacha nyuma hivyohivyo.

Jumatatu, 25 Agosti

Saa moja. Nimelala kupita muda. Sijui spika ipi ilianza.

Neema ametuma picha. Kitambaa kimetundikwa ukuta wa kushoto. Upande mmoja umeshuka. Nimemwambia apandishe, amepandisha, ametuma picha nyingine.

Mama alizifua kanga jana, leo ameanua. Hazijakatwa wala kupindwa, doti nzimanzima, ndefu kwa mtu mmoja kukunja. Akaniita. Mmoja anashika pembe mbili, mwingine mbili, mnavuta, mnakutana katikati, unampa mwenzio pembe zako. Siku zote mimi huziweka kitandani, anaziokota mwenyewe. Leo nilimpa mkononi.

Kwenye kanga ya nne nilimuuliza kwa nini alifanya vile na hapendi kutazamwa. Akasema alikuwa karibu. Si kweli. Alikuwa mlangoni. Sikumsahihisha. Nikasema joto lile lilikuwa kosa langu. Akasema ndiyo, lilikuwa kali. Nikasema asante. Akaitikia kwa kichwa, akachukua ya tano.

Kanga ya mwisho ilikuwa ya Shangazi. Tulipokutana katikati vidole vya Mama vilibaki juu ya vyangu. Vilikuwa na ubaridi wa maji na harufu ya sabuni. Viliniunguza kama kawaida. Sikuutoa mkono mpaka alipoutoa yeye.