Springi Ngumu za Giaboksi

Jumatatu, 14 Julai

Maji ya rejeta sawa. Upepo wa matairi sawa. Oili ya gia nyeusi, inanuka kuungua. Nimefuta kijiti cha kupimia, nimekirudisha. Sikumwambia mtu.

Tumepakia mchele wa mke wangu, Mama Hamisi, tukatoka Kilosa kwenda Mikumi. Kwenye kilima gari likasahau kubadili gia. Injini inalia, gari haliendi, halafu gia inaingia polepole kama mtu anayepapasa mlango gizani. Lori la nyuma likanipigia honi mpaka basi. Mimi! Niliyeendesha malori ya mkonge Rudewa, tela nyuma, masika, matope mpaka kwenye ekseli. Leo napigiwa honi.

Jioni, tumefikia kwa shemeji Mikumi, mwanangu Hamisi kapiga simu kutoka Morogoro. Ndiye aliyeninunulia pikapu hii, ya auto, inayojibadilia gia yenyewe, eti nisichoke. Habari za kilima anazo. Najua aliyempa, yuko jikoni. Anasema, "Baba, pengine si gari. Umri umeenda." Jumapili anakuja. Ataliendesha yeye, kisha ataniangalia mimi nikiendesha. Akiona siwezi, anaondoka na funguo.

Nimekasirika. Wali sikumaliza. Tunalala hapahapa ili gari lifike kwa fundi asubuhi.

Jumatano, 16 Julai

Giaboksi iko chini. Fundi Mwenda kaifungua juu ya gunia. Ndani vibamba vya duara, vyembamba, vimepangana kama chapati. Vimeungua. Anasema hizo ndizo klachi.

Nikamwambia, "Kijana, auto haina klachi."

"Mzee wangu, zimo kibao. Ila hukanyagi wewe, zinakanyagwa na oili."

Tumebishana mpaka chai ikapoa. Kumbe zimo. Miaka yote hii naendesha gari lenye klachi naambiwa halina. Sijaelewa. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa.

Anaweka vibamba vipya, na springi ngumu kwenye valvu, zile zinazosukuma oili. Gia itashika kwa nguvu, haitateleza tena. Kasema itanipiga kidogo mgongoni, nisiogope. Mimi kuogopa! Hanijui huyu.

Furaha ninayo. Hamisi ataona kama ni umri au ni vibamba.

Alhamisi, 17 Julai

Limekamilika. Fundi kaliendesha hadi lango la mbuga na kurudi, mimi nimekaa pembeni. Pah! Gia ya pili. Pah! Ya tatu. Kavu, safi. Kama lori langu lenyewe la zamani. Nilicheka peke yangu.

Kisha nikashika usukani mimi, kurudi Kilosa. Gia ya pili ikapiga, gari likainamisha pua kama mbuzi aliyevutwa kamba. Ya tatu, vilevile. Mama Hamisi kajigonga mkono kwenye dashibodi, kanitukania fundi njia nzima.

Sielewi. Gari ni lile, barabara ni ile. Kwa fundi linapiga na kwenda. Kwangu linapiga na kusimama.

Bodaboda mmoja kanifikia dirishani. "Shikamoo babu! Mbona taa za breki kila saa, unamkwepa nani?"

Sijagusa breki. Marahaba sikumpa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimempigia fundi baada ya swala. Nimemwambia azilegeze springi. Kasema hazilegezwi. Nimemwambia na taa za breki zinawaka zenyewe, waya umegusana mahali. Akajibu:

"Mzee wangu, taa sikuzigusa."

Nikakata simu.

Nimelijaribu kule kwenye mpunga, barabara tupu. Nikiliacha kwenye gia ya chini tu, halirushi. Linalia lakini halirushi. Jumapili nitamwendesha Hamisi hivyohivyo, gia moja. Nitasema nalea injini.

Jumamosi, 19 Julai

Gia moja haifai. Nilienda hadi stesheni, vijana wakanipita na kunicheka. Moshi mtupu nyuma.

Nimekaa ndani ya gari limezimwa. Usukani najua. Barabara najua. Kutoka Dumila hadi Ruaha hakuna kona isiyonijua.

Labda ni mimi. Nimeandika hivyo, nikakata. Naandika tena. Labda ni mimi.

Jumapili, 20 Julai

Hamisi kafika asubuhi. Kaamkia, kanywa chai, kaomba funguo. Tumekaa watatu mbele, Mama Hamisi katikati. Kaendesha yeye kwanza. Pah, likaenda. Pah, likaenda. Hata maji kwenye chupa hayakumwagika. Kasema fundi huyu hodari. "Haya Baba, zamu yako."

Nikashika. Pah, pua chini. Pah, pua chini. Simu ya Hamisi ikaruka mpaka miguuni kwake. Angesema neno ningemjibu. Hakusema. Akaangalia nje. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nikasimamisha pembeni. Akanyoosha mkono. "Baba, naomba funguo."

Mama Hamisi akasema, "Ngoja kwanza. Baba Hamisi, mguu wako wa kushoto unatafuta nini kule?"

Nikatazama chini. Uko juu ya breki. Wa kushoto. Wallahi sikuupeleka mimi.

Nimefikiri mchana kutwa, sasa nadhani nimeelewa. Gari likipiga vile, mwili unakumbuka lori. Kwenye lori mguu wa kushoto ni wa klachi, haungoji kuambiwa. Zamani gari hili lilibadili gia kama limesinzia, na mguu ukasinzia. Springi zimeuamsha. Umetafuta klachi, umekuta breki.

Palepale barabarani Hamisi alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Mama Hamisi akaweka mkono juu ya goti langu la kushoto, akalikandamiza. "Endesha." Mbele ya mtoto! Tangu anioe, samahani, tangu nimwoe, hajafanya hivyo barabarani. Nikaendesha. Pah. Goti likataka kuruka, mkono ukalizuia. Gari likanyooka. Hadi Rudewa na kurudi.

Hamisi kashuka, funguo hakuomba tena. Ila kasema, "Mama akiwa pembeni, sawa. Peke yako, hapana."

Nimebisha. Kaaga, kapanda basi.

Ijumaa, 25 Julai

Mikumi na mchele. Kilimani gia imeshika, gari limepanda. Lori la miwa lilikuwa mbele yetu. Tulilipita.

Fundi Mwenda kaniuliza habari ya taa za breki. Nimemwambia zimepona.

Mkono wa Mama Hamisi ulikuwa gotini njia nzima. Kwenda, goti liliruka mara chache. Kurudi halikuruka hata kidogo. Limeshajifunza. Nililijua hilo kabla hatujafika nusu ya njia, na yeye aliyekaa na mkono pale lazima alijua.

Hakuutoa. Nami sikumwambia autoe.

Nimepima oili ya gia. Nyekundu, safi. Haina harufu.